Kona ya Mabati Yamuaga Bwana Harusi

2 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkeo mzima, na mtoto ameacha kung'ata watu. Huku tuko salama ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na baba yako, huyu kaka yangu, ambaye amenunua kochi. Kochi ni zuri, sina neno. Ila halipiti mlangoni. Wamelijaribu ubavu, wamelijaribu miguu juu, wamelijaribu dirishani, mwishowe limeachwa barazani, na kaka yangu analikalia huko nje akidai ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Ukoo wetu hatukosei, mwanangu. Tunapanga upya.

Na usiniambie tena nipige simu. Hizi kazi za kugonga bati zimeniachia masikio ya mapambo. Simu naisikia kama nyuki ndani ya birika. Barua haidai masikio.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Harusi anastaafu. Najua wewe unajua, maana mtu hafui suruali za mtu miaka yote hiyo asijue habari zake. Lakini sisi tumesikia juzi tu. Kinyozi alikuja karakanani mbio na mkasi mkononi, kamwacha mteja kitini na nusu ya nywele, akanipigia kelele sikioni hadi nikaelewa: mrushaji wetu wa kasi, fahari ya kriketi ya nchi hii, anaacha mpira, na mechi yake ya mwisho itachezwa hapa hapa kwenye uwanja wetu mwezi wa sita. Nililia, mwanangu. Mama mzima, na uzito wangu huu, nililia na nyundo mkononi mpaka mtu aliyefuata ndoo yake akadhani nimejigonga kidole.

Sisi mashabiki wa Kona ya Mabati hatuwezi kukaa mikono mitupu siku hiyo. Kazi yetu unaijua. Bwana Harusi akitembea kurudi mwanzo wa mbio zake, polepole, kama bwana harusi ambaye bado anajiuliza, na hapo ndipo marehemu mume wangu alipompatia jina, sisi tunanyanyua mabati. Akianza kukimbia, tunagonga. Hatua moja, pigo moja. Akiongeza mwendo, tunaongeza. Akiruka kuachia mpira, tunakata. Kimya. Hiyo sheria ya kukata ni ya marehemu. Alisema, "Mpaka hapo tumemsindikiza. Sasa mwachieni mwenyewe." Na tusisahau kwamba yote yalianza na nyigu. Marehemu alikuwa anamuua nyigu aliyetua kwenye kifuniko cha bati cha chakula chake, Bwana Harusi naye akawa anakimbia, vile vijiti vitatu anavyovilenga vikaruka hewani, na kona nzima ikamgeukia mume wangu kana kwamba ni mganga aliyepatia dawa. Miaka yote hii tunamshangilia bingwa kwa mbinu ya kuua nyigu.

Kwa kumuaga nimepata tangi la maji la zamani, kubwa, bati lake zito. Nitalikata nilifanye ngoma. Sasa nina ombi. Muulize Bwana Harusi kwa adabu: katika kugonga kwetu, sehemu anayoipenda zaidi ni ipi? Ule mwanzo wa taratibu, au pale katikati tunapopandisha? Hiyo sehemu ndiyo tutaipiga kwa tangi. Nataka jibu la kinywani mwake.

Ni mimi shangazi yako, fundi bati, mwenyekiti asiyepigiwa kura.


26 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mtoto bado anang'ata. Wiki iliyopita alimng'ata mwenye nyumba alipokuja kuangalia bomba, mke wangu akaomba radhi huku anacheka, mimi nikaomba radhi huku natetemeka. Pole na goti. Mwambie baba ang'oe mlango, kochi litapita.

Kazi inaendelea. Ukumbuke nilisomeshwa nije kuwa mhasibu, na leo mwanao ni bingwa wa kutoa madoa ya majani kwenye suruali nyeupe. Timu inasafiri, mimi nabaki na mashine zangu, nguo zinarudi chafu nazipokea. Kila mtu na uwanja wake.

Kuhusu Bwana Harusi ni kweli anastaafu. Siku hizi ana mambo mengi, nimeona vigumu kumsimamisha kwa maswali. Ila nimewaza kitu, Shangazi. Je, siku hiyo watu wa kona wakisimama tu, wakavua kofia, wakakaa kimya tangu mwanzo wa mbio mpaka mwisho? Naona ingependeza sana. Au maua.

Tangi ni zito, usilinyanyue peke yako. Ikiwezekana usilinyanyue kabisa.

Mwanao.


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwenye nyumba mwambie apone.

Maua. Neno hilo nimelisoma, nikampa Kinyozi naye alisome, maana macho yangu ni mazima lakini siku hiyo niliyatilia shaka. Maua mtu huletewa akiwa amelala. Na kusimama kimya kofia mkononi, hata hilo nalijua linakofanyika, nimekwenda huko mara nyingi kuliko ninavyotaka. Mtu anastaafu, hajafa.

Halafu swali langu hukulijibu. Unanizungusha. Ulipokuwa mdogo ulivunja kioo cha taa yangu, na badala ya kusema ukakaa unanisimulia habari za paka wa jirani, paka alivyolala, paka alivyoamka, mpaka nikaenda mwenyewe kuikuta taa. Barua yako ina huyo paka. Namwona mkia.

Tangi nimelikata. Tulilijaribu uani kwangu, mimi, Kinyozi na Muuza Magodoro. Pigo la kwanza, kioo kikubwa cha Kinyozi kikaanguka ukutani, na duka lake liko upande wa pili wa barabara. Kuku wa jirani wamegoma kutaga, na mimi nimekana kwamba nahusika. Mwenyewe sikusikia sana, ila meno yalinicheza. Muuza Magodoro ameahidi kulibeba kwenye mkokoteni wake, juu ya godoro, ili lisichubuke.

Baba yako ameng'oa mlango. Kochi limepita nusu. Sasa haliingii wala halitoki, na kaka yangu anaingia nyumbani kwake kwa kupanda kochi.

Nijibu, na jibu liwe la Bwana Harusi, si la paka.

Shangazi yako.


23 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Mashine moja iliharibika, mke wangu aliugua homa akapona, timu ikaenda ikarudi, nikawa nafua kwa mikono kama zamani. Mtoto amepata jino jingine, kwa hiyo silaha zimeongezeka.

Nimeonana na Bwana Harusi. Nilimwambia, "Watu wa Kona ya Mabati wanakusalimu." Akasema, "Wasalimie." Ndivyo alivyosema, nimeliandika kama lilivyotoka. Alikuwa na haraka.

Nakuomba tena ufikirie ukubwa wa lile tangi.

Mwanao.


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na chako kimenipa mshindo nisioutarajia.

Wasalimie! Nililisoma neno hilo mbele ya kona nzima, tumekutana kwa Kinyozi kwenye kioo kipya. Muuza Magodoro alifuta machozi. Mtu ambaye dunia nzima inamtaka, ana haraka zake, safari zake, mabegi yake, anasimama anasema wasalimie. Kinyozi akasema hilo neno lisipotee. Basi nimeliandika kwenye tangi kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mkono wangu, WASALIMIE, ili siku ile alisome akiwa anakimbia. Nimejipaka rangi mpaka kwenye nyusi. Wateja wananionea huruma.

Lakini nikuambie lililo moyoni, kwa kuwa karatasi haina haya. Tangu marehemu aondoke, kona ile ndiyo mahali pekee ninapomsikia. Nyumbani simsikii. Kaburini simsikii, nimejaribu. Ila tukianza kugonga, hatua moja pigo moja, halafu tukate, pale ni yeye kabisa. Sasa Bwana Harusi akiondoka, nani mwingine tutamgongea? Hawa vijana wanaokuja wanakimbia hovyo, hawana hatua. Kwa hiyo hii si siku ya kumuaga mrushaji peke yake, mwanangu. Ndiyo maana tangi lazima liwe kubwa. Nicheke, nakuruhusu. Mimi mwenyewe hujicheka, halafu naendelea kupaka rangi.

Kochi bado lipo mlangoni. Mvua ilinyesha juu ya nusu yake.

Shangazi yako.


15 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara paka akaingia. Leo nimemfukuza. Mficha uchi hazai.

Bwana Harusi hayapendi mabati.

Kila timu inaporudi kutoka uwanja wenu, na uwanja wenu tu, nakuta pamba kwenye mifuko ya suruali zake. Mwanzo nilidhani ana jipu sikioni. Mwaka fulani nikamuuliza. Akautazama mlango, akasema, "Kule kuna watu, Mungu awape maisha marefu, wana mabati. Nisipoziba masikio nitamrushia mpira mwamuzi." Akaniomba nisimwambie mtu yeyote. Alisema wale watu wanampenda na hataki kuwavunja moyo. Shangazi, hajui kwamba mwenyekiti wao ndiye aliyenilea. Sikumwambia. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Na hilo neno wasalimie alilisema kweli. Ila alilisema huku ameshika sikio.

Ningenyamaza mpaka kufa. Lakini umeliandika kwa rangi nyekundu, na nikaona ile siku yake ya mwisho, mtu anakimbia kuagana na uwanja na tangi lile linamlilia pembeni. Yeye hatasema. Atacheka, atawapungia mkono, ataondoka na pamba masikioni. Ulichoniandikia kuhusu marehemu nimekisoma mpaka mke wangu akaniuliza nina nini. Sikujua lipi ni baya zaidi, kukuambia au kutokukuambia. Mimi ni mwoga, unanijua, ila nimechagua.

Nisamehe.

Mwanao.


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Baba ameniandikia kwamba umefunga karakana na hufungui mlango, na kwamba alikuja kukuona ila akachelewa kwa sababu ya kushuka kwenye kochi. Naomba neno moja tu. Hata la matusi.

Mwanao.


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zimefika. Matusi sina.

Karakana nilifunga, ni kweli. Nilitaka kukaa bila nyundo nisikie kuna nini. Hakuna kitu. Nilikaa kwenye kigoda changu, mikono mapajani, nikawaza jinsi nilivyomnyanyasa mtoto wa watu kwa mapenzi. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi ndiye debe, na ndiye fundi wa madebe, na nilikuwa naelekea kutengeneza debe kubwa kuliko yote. Nililia. Halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka ile mechi aliyotupungia mkono kwa nguvu sana na sisi tukadhani anasema ongezeni.

Nimewakusanya watu wa kona. Bwana Harusi sikumtaja. Pamba yake ni siri yake, na wewe na mimi tutazikwa nayo. Nimewaambia daktari amesema masikio yangu yakisikia bati tena yatakufa moja kwa moja, na kwamba nawaomba, kwa heshima ya mwenyekiti wao, siku hiyo tusimame kimya tangu mwanzo mpaka mwisho, kofia mkononi. Lile wazo lako la makaburini. Kinyozi alisikitika lakini akakubali. Mabati yote nimeyakusanya karakanani, nimefunga kufuli, ufunguo uko shingoni mwangu, maana nawajua. Tangu hapo wananiletea supu na kunisemesha polepole kama mtu anayetaka kufa. Uongo wangu una supu nzuri.

Tangi nimelilaza uani linakinga maji ya mvua. Bado limeandikwa WASALIMIE. Wapita njia wanaitikia.

Ulifanya vizuri kuniambia. Nimekasirika, lakini ulifanya vizuri.

Shangazi yako.


25 Juni

Mwanangu,

Kwanza habari za nyumbani zipite upesi: baba yako amebomoa ukuta, kochi limeingia, sasa mlango haufungi. Anasema nyumba ilihitaji hewa.

Redioni umesikia yako, ila redio haikuwa kwenye kona yetu. Nisikilize mimi niliyekuwepo.

Tulikwenda wote, mikono mitupu. Watu wa upande wa pili walitushangaa, mmoja akauliza kama tumefiwa. Jioni ikafika zamu yake ya mwisho kurusha, mipira sita, na mbio zake zikawa zinaanzia karibu na uzio wetu. Nilimwona anapapasa mfuko wa suruali. Nilijua anatafuta nini. Kisha akatutazama. Akatuona tumesimama, kofia mkononi, hakuna bati hata moja. Akautoa mkono mtupu. Nikajiambia, haya, mtoto wa watu, leo pumzika.

Akakimbia. Uwanja kimya kabisa. Akaruka, akatua mbele ya ule mstari wa chokaa ambao mrushaji hatakiwi kuuvuka. Mwamuzi akanyoosha mkono, mpira hauhesabiwi. Akarudi, akakimbia tena, akavuka tena. Mara ya tatu alivuka kwa hatua nzima, akapepesuka kidogo. Mtu ambaye miaka yote unyayo wake unatua pale pale, pale pale. Upande wa pili wakaanza kucheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze, ijapokuwa ingepata shida.

Basi akaacha kwenda kwenye alama yake, akaja kwenye uzio. Akasimama mbele yangu, mrefu hivi, jasho linamtoka, akasema kitu. Mwanangu, sikusikia hata neno. Niliona midomo tu. Nikadhani ananiamkia. Nikamjibu, "Marahaba."

Kinyozi akanishika bega, akanipigia kelele sikioni: "Anauliza mabati yako wapi!"

Nikamwambia yamefungwa. Akauliza nani ameyafunga. Na watu wote wa kona, wale wale walioniletea supu, wakaninyooshea kidole.

Akanitazama. Akanyanyua mikono miwili hivi, kama mtu anayeomba aliyokuwa akiyapata kila siku. Hapo sikuhitaji kutafsiriwa. Nikavua kiatu. Nikaanza kuujaribu uzio, lile bomba la chuma la juu, nikaona linalia. Muuza Magodoro akavua chake. Kinyozi akavua vyote viwili. Ukaona watu wazima, wengine na vyeo vyao, wamesimama na soksi zilizotoboka, viatu juu.

Alitembea kurudi kwenye alama yake polepole, kama zamani, bwana harusi anayejiuliza. Akageuka. Hatua moja, pigo moja. Akaongeza, tukaongeza. Kisigino cha kiatu changu kikaruka kikaenda zake. Akafika kwenye mstari, akaruka, tukakata. Unyayo ulitua pale pale. Na kile kimya nilikisikia, mwanangu. Sijui kwa sikio gani, ila nilikisikia.

Ungependa nikuambie vijiti viliruka. Havikuruka. Yule kijana aliyeshika gongo aliupiga mpira ule kwa nguvu zake zote, ukapaa, ukazunguka, ukaja kutua kwenye kona yetu, kwenye tumbo la Muuza Magodoro. Mchango wetu wa mwisho kwa bingwa ni kupigiwa mpira mbali kuliko alivyowahi kupigiwa. Bwana Harusi alicheka mpaka akashika magoti. Mwamuzi akaja kudai mpira, na Muuza Magodoro alikuwa ameshaukalia.

Mipira iliyobaki tuliigongea viatu yote. Nikarudi nyumbani nikichechemea kwa sababu mbili, goti na kisigino.

Lakini sielewi. Kama miaka yote aliziba masikio, siku tuliyompa utulivu kwa nini alikuja kudai makelele? Muulize. Na safari hii usiniletee wasalimie.

Shangazi yako.


8 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto anatembea sasa, kwa hiyo anawafuata watu kabla ya kuwang'ata. Pole kwa kiatu.

Nguo za Bwana Harusi zimefika, nimezifua mwenyewe, nyingine zote nikampa mwenzangu. Kwenye mfuko wa suruali yake nimekuta pamba. Safi, imekunjwa vizuri, haijaguswa.

Jana amekuja kutuaga huku kwenye chumba cha kufulia. Wengine wote huagia kwenye sherehe ya juu, yeye alishuka. Nikajikaza nikamwambia yule mama wa kiatu ni shangazi yangu. Akakaa juu ya tenga la nguo chafu, akacheka, akafunika uso. Akasema, "Alinijibu marahaba." Nikamwambia hasikii. Nikamwambia pia kwamba pamba anaijua, na kwamba mabati aliyafunga kwa ajili yake, na daktari hakuwepo. Hapo hakucheka tena. Kisha nikamuuliza lile swali lako la mwezi wa pili, nikaomba jibu la kinywani mwake. Nimeliandika alivyolisema:

"Mwambie shangazi yako makelele yao sikuyapenda hata siku moja, usimdanganye. Na pamba haikunisaidia kitu, yalikuwa yananiingia kwa nyayo. Lakini pale mwisho, ninaporuka, wanaponyamaza. Nimerusha mpira kwenye viwanja vingi, hakuna kingine nilikopewa kimya kama kile. Nilikuwa nakikimbilia. Siku ile walininyamazia tangu mwanzo, nikakimbia nakitafuta kimya changu nisikione, mara nimeshapita mstari. Bila yale makelele, kile kimya hakiji."

Nikamwambia ile sheria ya kukata ina mwenyewe. Akauliza ni nani. Nikasema mume wa shangazi, fundi bati, ameshatangulia, na kwamba siku ya kwanza alikuwa anaua nyigu. Akasema, "Na mimi sikumshukuru."

Kwa hiyo jibu ndilo hilo, Shangazi. Si ule mwanzo wa taratibu, wala si pale mnapopandisha. Sehemu anayoipenda ni ya marehemu.

Pamba amesema nikutumie. Imo ndani ya bahasha.

Mwanao.


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha imefika.

Jibu nimewasomea watu wa kona, ila maneno ya pamba niliyaruka. Kinyozi anasema yeye alijua siku zote kwamba siri yetu iko kwenye kunyamaza, yeye ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu. Mabati nimewarudishia. Tumekubaliana tutaendelea kwenda, tutawagongea hawa vijana wanaokimbia hovyo mpaka wapate hatua. Wao watajua wenyewe pa kupata pamba.

Ya kwangu naivaa kazini. Daktari, wa kweli safari hii, ameniambia ningeanza zamani. Asubuhi natia masikioni, nagonga ndoo zangu, nagonga mifereji yangu. Nikimaliza pigo la mwisho naitoa, naweka nyundo chini, nakaa kidogo kwenye kigoda kabla ya kushika kazi nyingine. Bado sisikii kitu. Lakini sasa najua ni kimya cha nani, na nakaa nacho mpaka mteja anishike bega.

Mbusu mtoto. Jihadhari na meno.

Shangazi yako.